Nilimshawishi, hakushawishika

Ripoti yangu ya kwanza ya Kiingereza ilikuwa na sentensi moja ambayo mpaka leo wenzangu wa wakati ule wakinipigia simu huanza nayo kabla hata ya salamu: "We tempted the sheikh for two hours until he agreed." Shehe mwenyewe, mzee wa watu, alitukaribisha barazani kwake, akatupa kahawa chungu na kashata, akatuuliza maswali mazito kuliko yale tuliyofundishwa kuyajibu, kisha akasema ataizungumzia chanjo baada ya sala ya Ijumaa. Mimi, kwenye karatasi iliyosafiri hadi Uingereza, nikamfanya mtu aliyejaribiwa kwa saa mbili. Na shetani aliyemjaribu ni mimi.

Haikuwa uvivu. Nimekulia Kibosho, kwenye nyumba ya Kikatoliki ya rozari kila jioni, na neno kishawishi nilianza kulitamka kabla sijajua kuhesabu: usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni. Jirani zetu Walutheri wao walisema majaribu. Nilipofika mahali pa kuandika "tulimshawishi shehe" nikafungua kamusi ndogo niliyokuwa nayo tangu kidato cha tatu, nikakuta maneno matatu yamepangwa kwa mkato tu, persuade, entice, tempt, bila hata nusu mstari wa kueleza yanavyotofautiana. Mkono ukaenda wenyewe kwenye lile ninalolijua toka kwenye sala.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Aprili 2018 Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima kwa mabinti wa miaka 14, dozi mbili, ya pili baada ya miezi sita. Chanjo hiyo ni ya kuwakinga na virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Shirika dogo lililoniajiri lilitupeleka Pangani kuwa wahamasishaji. Kwa Kiingereza cha miradi kazi hiyo inaitwa "sensitization", neno ambalo mkuu wetu wa mradi, mama mmoja Mwingereza, alikiri kwamba alipolisikia mara ya kwanza alidhani tunazungumzia ngozi iliyopata mzio. Tulipita nyumba kwa nyumba. Tulikutana na yale yale kila mahali: kwa nini wasichana tu? Kwa nini miaka 14? Na cha bure hiki, ndani yake kuna nini? Juu ya yote, kwamba sindano ile inafunga kizazi.

Kosa la shehe liliishia kwenye kicheko. Lililofuata halikuchekesha mtu.

Mwisho wa Septemba niliandika: "We persuaded 143 parents." Safari hii nilikuwa makini, neno nimelichagua baada ya kuonywa, na hesabu nimeitoa daftarini mwangu, jina kwa jina, kijiji kwa kijiji. Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe kutoka ofisi ya Tanga. Rejista za zahanati zinaonyesha mabinti 61. Hao 82 wengine wako wapi?

Asiyewahi kufanya kazi kwenye mradi wa wafadhili hajui uzito wa swali kama hilo. Kwa lugha ya kwetu lilikuwa linauliza: umepika takwimu? Nikapanda basi la asubuhi kwenda Tanga tumbo likiunguruma, na daftari nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni kama hati ya shamba.

"Walikataa," nikamwambia yule mama Mwingereza, mkuu wetu.

"Nani walikataa?"

"Hao niliowashawishi."

Akaniangalia. Hakukasirika, alionekana kama mtu anayesikiliza redio isiyoshika masafa. Akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi: "I persuaded her but she refused." Akaniomba niisome kwa sauti. Nikasoma. Sikuona tatizo. Nikasoma tena, polepole, nikitafuta kosa la kisarufi, pengine nyakati zimegongana. Hakuna. Yeye alikuwa anasubiri nicheke, maana kwake sentensi ile ilikuwa sawa na mtu kusema nimemchinja yule kuku lakini bado anadonoa mahindi uani.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa ninalitumia neno la Kiingereza likiwa na roho ya Kiswahili. Kwetu mtu anasema "nilimshawishi sana, lakini wapi," na hakuna anayemshangaa. Kitenzi chetu kinaishia mdomoni mwa msemaji. Nimesema, nimerai, nimesihi, nimebembeleza: kazi yangu nimemaliza, yaliyobaki ni ya mwenyewe. Ukitaka msikilizaji ajue kwamba neno limeingia, lazima uongeze: "akakubali", "akalainika", au ubadilishe mkia wa kitenzi useme "alishawishika". Na angalia nani amekuwa mtendaji hapo. Aliyeshawishika ni yeye. Mimi nimeondoka kabisa kwenye sentensi.

"Persuade" ya Kiingereza haikubali kugawanywa hivyo. Inatoka kwa msemaji, inakwenda mpaka nyumbani kwa msikilizaji, na hairudi mpaka ipewe jibu, tena jibu la ndiyo. Ndugu zake wengi wako vivyo hivyo: "convince", "win over", "bring round", "talk into". Mwingereza akitumia mojawapo kwa wakati uliopita bila kuongeza kitu, amekuambia kwamba mtu amekubali. Akitaka kutaja jitihada pekee, ana kundi jingine: "urge", "encourage", "appeal to", "plead with", "reason with", au anatanguliza "tried to" na kuacha mlango wazi. Baadaye sana nilikuja kugundua kwamba J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, kwenye mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, alitenga kabisa vitu hivi viwili: lile unalolifanya kwa kusema, na lile linalotokea kwa sababu ulisema. "Urge" akaiweka upande mmoja, "persuade" upande wa pili. Ningekuwa nimekutana naye mapema ningeokoa nauli ya Tanga.

Nilipewa siku mbili niandike ripoti upya. Niliporudi Pangani nilikaa barazani kwa bibi niliyepanga kwake, nikafungua daftari, nikaanza na wale 82. Nilidhani nitafuta neno moja na kuweka jingine. Haikuwezekana. Kila jina lilitaka kitenzi chake.

Wa kwanza alikuwa mama anayeuza samaki karibu na kivuko cha kwenda Bweni. Nilizungumza naye robo saa akiwa anapara magamba, hakuinua macho hata mara moja. Mwisho akasema, "Nimesikia, dada." Basi. Huyo nilikuwa nimemshawishi? Hata kwa Kiswahili ningeona haya kusema hivyo. Nikaandika "spoke to".

Kulikuwa na baba mmoja, fundi wa majahazi, ambaye nilikaa naye mchana kutwa. Huyu tulijadiliana hasa, hoja kwa hoja. Alitaka kujua kirusi kinaingiaje, kinakaa miaka mingapi kabla ya kuleta saratani, kwa nini chanjo itangulie na si dawa ifuate. Nilipomaliza akasema, "Dada, maneno yako yana mashiko. Naamini. Lakini mwanangu simpeleki." Nikafikiri ananitania. Hakuwa ananitania, kulikuwa na ndugu wa mkewe, kulikuwa na maneno ya mtaani, kulikuwa na posa iliyokuwa inanusanusa. Kwa Kiingereza cha walimu wa zamani mtu huyu yuko "convinced" lakini hajawa "persuaded". La kwanza ni la imani: umemfanya aone kwamba jambo ni kweli. La pili ni la tendo: umemfanya anyanyuke. Siku hizi Waingereza wenyewe wanayachanganya, wanasema "convince him to go" na hakuna anayewasahihisha, na yule mama wa ofisini aliniambia nisihangaike nalo. Mimi nikahangaika nalo. Ufa kati ya maneno yale mawili ndimo walimokuwa wamelala watu wangu wengi. Wanaamini, hawanyanyuki.

Mwingine alikuwa tayari kabisa, ila mume yuko dago, kambi ya wavuvi, na mpaka arudi hakuna uamuzi juu ya mtoto. Nikamwuliza kama anaweza kumpigia simu. Akacheka. Mwanamume akiwa dago anapigiwa simu ya msiba au ya nauli. Nikakosa kitenzi cha huyu. Nikaandika sentensi nzima.

Na kuna binti, huyu simsahau ingawa hakuwa wa wale 82. Mama yake alikuwa amekataa katakata mbele yangu, na mimi nimeshasimama niondoke. Binti akatoka jikoni na mwiko mkononi, akamwambia mama yake kwamba kwenye darasa lao wamebaki wawili, yeye na mwenzake anayeogopa sindano, na yeye haogopi sindano. Hakusema kingine. Wiki iliyofuata nikaona jina lake kwenye rejista ya zahanati. "Talked her mother into it," akapendekeza mwenzangu nilipomsimulia. Nikaweka, kisha nikafuta, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kunusa harufu za maneno haya. "Talk into" ina mlango ndani yake, mtu anaingizwa. Na mara nyingi Mwingereza huitumia pale ambapo aliyeingizwa atakuja kujuta au angalau kushangaa amefikaje humo: nilishawishiwa nikanunua gari bovu, nilishawishiwa nikagombea uenyekiti. Sisi tunasema kuingizwa mjini, na hapo harufu ni kali zaidi. Mama yule hakuingizwa popote. Alimsikia mwanawe.

Kinyume chake, "talk out of", nilimpa mwanamke mmoja mwenye duka la vitenge. Huyu alikuwa akinifuata nyuma, nyumba baada ya nyumba, na ninapoondoka anaingia yeye. Nilimchukia kwa majuma mawili, mpaka siku niliyokaa dukani kwake mvua ikinyesha akanieleza kwamba mdogo wake aliugua saratani hiyo hiyo, akapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa kuchelewa, akafa, na kwamba hospitali zote tatu alizopita kabla ya hapo waliwaambia maneno matamu. Hakuwa anapinga chanjo. Alikuwa amechoka na watu wanaokuja na makaratasi. Ripoti yangu ya zamani ilimwita mpinzani. Nikatafuta neno la kumtua, nikaishia kuandika kwamba alikuwa "sceptical", na mpaka leo naona halikutosha.

Kisha nikafika kwa wale 61, ambao nilidhani ni salama kwa sababu walichanjwa. Tisa walikuwa wa kitongoji kimoja. Nilijua kwa nini. Kiongozi mmoja wa pale, jina lake nalihifadhi, alikuwa ametangaza kwamba mzazi asiyepeleka binti asije kwake kutaka muhuri. Muhuri wa kijijini ni maisha: barua ya mkopo, barua ya shule, barua ya kuchukua mwili hospitalini. Mabinti tisa walipelekwa ndani ya siku mbili. Nani alimshawishi nani hapo? Kiswahili hakinipi pa kujificha, hiyo ni kushurutisha. Kiingereza kinanipa ngazi ndefu ya kupanda au kushuka nitakavyo. Naweza kuandika "leaned on", mtu kaegemewa tu. Naweza kuandika "pressured". Naweza kusema alikunjwa mkono, "twisted their arms", jambo ambalo kwao husemwa hata kwa mzaha mtu anapobembelezwa kula kipande cha pili cha keki. Juu kabisa kuna "coerced", neno la mahakamani. Nilikaa na ngazi ile usiku kucha. Nikaandika "pressured", na mpaka leo sina hakika kama nilikuwa muungwana au mwoga. Ofisini walitaka kuwahesabu wale tisa pamoja na walioshawishika. Mama yule akakataa. Aliwaweka mstari wao peke yao, na kwa hilo namheshimu.

Soda nayo ilileta kesi. Kwenye mikutano tuligawa soda na biskuti, kama kila mradi. Kwenye rasimu nilikuwa nimeandika kwamba tuliwavuta akina mama kwa soda, nikatumia "lure". Mtu wa pwani ataelewa haraka nikimwambia kwamba hilo ni neno la chambo; samaki anaona kamba mtamu, haoni ndoana. Nikabadilisha nikaweka "attract". Lakini fomu yenyewe ilikuwa na swali kama kulikuwa na "inducements", na hapo sikujua soda ni nini. Kuna "incentive", ambayo ni nzuri. Kuna "inducement", ambayo inatazamwa kwa jicho la upande. Kuna "sweetener", ambayo ni tamu mdomoni na chungu mbele ya mkaguzi. Kuna "bribe". Chupa ni ile ile. Nilivyoona, jina linategemea zaidi nani anatoa: mradi ukitoa ni "incentive", mgombea udiwani akitoa ni rushwa. Tuliandika kwamba vilitolewa viburudisho.

Usiku mmoja wa kazi hiyo, mjukuu wa bibi yangu mwenye nyumba alikuwa na homa, hataki kula. Bibi akaukanda wali na mchuzi wa nazi kwa vidole, akafanya tonge dogo, akampelekea mtoto mdomoni huku anamwimbia jina lake. Mtoto akageuza uso. Bibi akasubiri, akalirudisha tena tonge lile lile.

"Bibi, hapo unafanya nini?" nikamwuliza. Nilikuwa nimelewa maneno, kila kitu nilitaka jina lake.

"Namrai."

Mimi kurai nilikujua kwa maana ya kubembeleza kwa maneno. Kwenye magazeti kila siku kiongozi fulani ametoa rai. Bibi akaniona sijaelewa. Akafinyanga tonge jingine, akaniita, "Hebu fungua mdomo, mwanangu." Mtu mzima na kalamu yangu, nikafungua. "Ndiyo kurai huko. Hata kwa maneno ni hivyo hivyo. Unamfikisha hapa," akagusa mdomo wangu kwa kidole chenye mchuzi, "kumeza ni kwake."

Nilipokwenda Tanga kupeleka ripoti nilipita maktaba ya mkoa, nikaomba kamusi kubwa ya Kiingereza inayoeleza asili za maneno. Nilitaka kumwona "persuade" nyumbani kwao. Anatoka kwenye Kilatini, kwenye kitenzi cha kushauri, na kitenzi hicho kina ukoo mmoja na neno la Kilatini la utamu. Ukipanda juu zaidi ya Kilatini unakuta "sweet" na "persuade" ni watoto wa babu mmoja. Nikacheka peke yangu pale mezani hata mkutubi akanitazama. Bibi wa Pangani hajawahi kuisikia Roma ya kale, na tonge lake lilikuwa limeshanieleza. "Convince" naye nikamtafuta. Yeye ametoka vitani. Ndani yake mna kitenzi cha kushinda, kile kile kinachopatikana ndani ya "victory" na ndani ya "convict", mtu aliyetiwa hatiani. Ukimfanyia mtu "convince", kwa asili ya neno umembwaga.

Hapo nikakumbuka midahalo yetu ya sekondari. Ilikuwa kwa Kiingereza, na mada zenyewe zile zile kila muhula: elimu ni bora kuliko mali, kijijini ni bora kuliko mjini. Tulifundishwa kushambulia hoja, kutetea hoja, kuiangusha, kushinda. Hoja nzuri tuliambiwa ni "compelling", nikaichukua kama sifa tu, na kumbe inasema hoja imekulazimisha, umeburutwa nayo. Kwa Kiswahili hoja nzuri tunaisifia kwamba ina mashiko, yaani ina mahali pa kuishika. Mbovu tunasema imepwaya, kama suruali ya kurithi. Sidai kwamba sisi hatubishani kwa kuuana. Mtu aliyewahi kukaa kijiwe cha kahawa Tanga baada ya mechi ya Simba na Yanga anajua ukweli. Nasema tu kwamba niliingia kazini nikiwa na Kiingereza cha mdahalo, na nilipomkuta yule fundi wa majahazi nilicheza naye mdahalo. Nikashinda. Binti hakuchanjwa.

Kuna neno moja nililitafuta kwa ajili ya udadisi wangu wa Kikatoliki. "Propaganda" leo ni tusi, kwa Kiingereza na hata sisi tulipolikopa tulilikopa likiwa na uvundo wake. Mwaka 1622 Papa Gregori wa 15 alianzisha ofisi Roma ya kusimamia kueneza imani, na neno hilo lilikuwa ndani ya jina la ofisi, safi kabisa, la kueneza kama mtu anavyoeneza mbegu. Jina lilikaa mpaka 1967 lilipobadilishwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Kibosho mwaka 1893 walikuja katika kazi iliyokuwa chini ya ofisi hiyo. Bibi yangu mzaa mama alibatizwa kutokana na kazi hiyo. Sijui ningemwambiaje kwamba ni tunda la propaganda. Chama tawala hapa nchini kina katibu wa uenezi, na neno hilo la Kiswahili halijaharibika. Bado linaweza kukaa kwenye kadi ya mtu bila kumfanya aone haya.

Utamu nao umeharibika kwa Waingereza, nilivyoona. Karibu kila neno lao la kusema kwa ladha lina shaka ndani: "sweet-talk", "butter up", "sugar-coat", "smooth". Mtu laini wa maneno ni wa kuogopwa. Sisi tuna kilemba cha ukoka na tuna kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, hayo ni ya kukinga na matapeli, lakini bado tunasema bila aibu kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni, tena tunawafundisha watoto. Nilijaribu kumweleza mama yule methali hiyo. Akauliza, kwa nini mtu atake kumtoa nyoka pangoni? Sikuwa na jibu.

Mwanzoni mwa 2019 tulirudi Pangani kwa ajili ya dozi ya pili. Mikono iliyokuwa imevimba siku moja mwaka uliopita ilikuwa imeshageuka hadithi ya mtaani, kila aliyechanjwa alikuwa na tafsiri yake, na kazi ilianza karibu upya. Siku ya tatu nimekaa nje ya zahanati na fomu zangu, nikamwona yule mama muuza samaki wa kivukoni. Amevaa baibui la kutokea, amemshika binti yake kiganja. Yeye hakuwa wa dozi ya pili. Alikuwa mmoja wa wale 82.

Nikamwamkia, nikamsogezea benchi. Binti aliingia ndani, akatoka amebana pamba begani, hakulia. Sikuweza kujizuia.

"Mama, samahani. Nani alikushawishi?"

Akanitazama kama vile nimemwuliza nani amemfundisha kupumua.

"Nani tena? Nimekuja."

"Sawa, lakini mwaka jana tulizungumza..."

"Ulisema, nikakusikia. Nilikwambia nimesikia, au sikukwambia?" Akamvuta binti, akajitanda vizuri. "Haya dada, samaki wangu wako juani."

Fomu ilikuwa na safu mbili kwa kila mzazi. Moja ya jina, na moja iliyoandikwa "Persuaded by", na nafasi ya kujaza jina la mhamasishaji. Jina langu lilikuwa tayari kwenye ncha ya kalamu. Hakuna ambaye angenihoji, na kwa kweli idadi yangu ya mwezi ule ilikuwa ndogo. Wazazi wengine walikuwa wanasubiri kwenye foleni. Nikaandika jina la yule mama, safu ya pili nikaipiga mstari, na pembeni, kwenye ukingo ambako hakuna kilichopaswa kuandikwa, nikaweka maneno mawili: "She came."